Panya Aliyepakwa Poda

Kinyozi alikuwa mwoga wa nyoka, na hakuona haya kulisema. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye hakuwahi kuumwa, na bado waya wa mashine yake ya kunyolea ukimgusa kifundo cha mguu aliruka hadi mlangoni, mteja akabaki na nusu ya nywele kichwani. Kuna siku wateja wenye roho mbaya walimtupia mkanda wa suruali chini ya kiti ili wapate kucheka. Wakacheka, naye akatetemeka mpaka jioni.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeachiwa chatu.

Chatu alikuwa wa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, fundi wa kuchomelea vyuma. Shemeji alimlea tangu akiwa mwembamba wa kuingia kwenye chupa, mpaka akafika mita tatu na unene wa paja la mtu mzima. Alimwita Mgeni Rasmi, kwa sababu siku ya kula kwake hakuna aliyegusa sahani nyumbani kabla yeye hajameza. Kisha ikatokea kazi ya daraja, mbali, miezi mitano. Shemeji akafunga vifaa vyake, akamuaga mkewe, akambusu binti yao wa miezi minane, ambaye kwa unene wake kila mtu alimwita Kibonge, halafu akasimama mbele ya sanduku la kioo muda mrefu kuliko aliosimama mbele ya hao wawili. Akamwambia kinyozi, "Shemeji, nakuachia watu watatu."

Kinyozi alitaka kusema kwamba yeye anahesabu wawili tu. Lakini alimpenda mdogo wake, na mdogo wake alimpenda mumewe, na mapenzi ya namna hiyo hukupeleka mahali usipopataka.

Wote waliishi nyumba moja. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, ndicho kilichokuwa duka la kunyolea: kioo kikubwa, kiti kimoja cha kuzunguka, benchi la wanaosubiri. Nyuma ya pazia kulikuwa na korido nyembamba. Kushoto chumba cha mama na mtoto, kulia chumba cha Mgeni Rasmi, mwisho kabisa jiko. Mdogo wake alikuwa mwoka mikate. Aliondoka kabla jua halijachomoza, akarudi saa nane mchana. Kwa hiyo asubuhi nzima mjomba mtu alikuwa na mteja mbele, mtoto kushoto na chatu kulia, na masikio yake mawili aliyagawa sehemu tatu.

Mwezi wa kwanza haukuwa na shida. Mgeni Rasmi alizoea sungura. Muuza wanyama wa mtaa wa pili alimleta sungura ameshakufa, kinyozi akamsukuma ndani kwa koleo refu, akarudisha kifuniko huku amefumba macho, akakimbia. Mwezi wa pili ugonjwa ukaingia kwa wafuga sungura, mabanda yakafagiliwa, na muuza wanyama akasema hana sungura hata wa dawa. Alichokuwa nacho ni panya, wale weupe wakubwa wa kufugwa, wamegandishwa, wamefungwa wawili wawili katika mifuko.

Mgeni Rasmi aliwatazama panya kama mkwe aliyewekewa kiporo. Hakugusa.

Muuza wanyama alikuwa mzee mwenye mguu mmoja usiokunja goti, mtu asiye na haraka, na alikuja kunyolewa kila baada ya wiki mbili. Alieleza kwamba nyoka wachaguzi wapo wengi, akizoea kitoweo kimoja anakifanya dini. Kuna njia za kumhamisha, akasema. Panya apashwe joto katika maji ya moto mpaka awe kama aliye hai, maana nyoka huyu anahisi joto. Akaushwe vizuri. Asuguliwe na manyoya ya sungura, kama yapo. Apewe gizani. Atikiswe kidogo kwa koleo. Na nyoka asisumbuliwe siku mbili kabla.

Wakafanya yote. Mdogo wake alipata kipande cha ngozi ya sungura kwenye kofia ya zamani, akamsugua nayo panya hadi kofia ikapata upara. Mgeni Rasmi akatoa ulimi mara moja, akageuza kichwa. "Mchagua nazi hupata koroma," mdogo mtu akamwambia kupitia kioo, na akacheka. Kaka yake hakucheka. Wiki ya tano ikapita, ya sita, ya saba. Uti wa mgongo wa chatu ukaanza kuonekana. Kisha akaacha kulala. Mchana kutwa alizunguka sandukuni, akisukuma kifuniko kwa pua, na kinyozi akiwa katikati ya kumnyoa mtu ndevu alisikia ule mkwaruzo nyuma ya pazia, na wembe ukasimama hewani.

Shemeji alipopiga simu alihofia chatu atakufa kwa njaa. Kinyozi hakuhofia hilo hata kidogo. Alichokifikiria ni kwamba mnyama wa mita tatu, mwenye njaa ya wiki saba, alikuwa hatua nne kutoka kitanda cha Kibonge. Wazo hilo aliamka nalo asubuhi na kulala nalo usiku. Mtu akiwa na hofu ya namna hiyo atajaribu lolote.

Basi siku moja, saa tano asubuhi, alimtoa panya kwenye maji ya moto, ameloa, manyoya yameshikana, anatia kinyaa. Akambeba kwa koleo hadi dukani, kwa bahati hapakuwa na mteja, akamkausha kwa draya ya nywele. Panya akakauka, lakini manyoya yakabaki yamejishika mafungumafungu. Sasa kazi ya miaka kumi na minane haimtoki mtu mwilini. Mkono wake, wenyewe, bila kumuuliza, ukachukua kopo la poda, ukamnyunyizia panya shingoni na mgongoni, ukachukua brashi, ukampangusa. Alipogundua alichofanya alicheka peke yake. Huyu alikuwa mteja wa kwanza aliyenyamaza tangu mwanzo hadi mwisho.

Alipomshusha panya sandukuni, Mgeni Rasmi aliinua kichwa. Ulimi ukatoka, ukarudi, ukatoka. Kisha kikatokea kitu ambacho jicho halikuweza kukifuata, na panya hakuwepo tena kwenye koleo.

Furaha iliyoingia nyumba ile! Mdogo wake alimkumbatia kaka yake. Shemeji huko darajani alicheka hadi simu ikamdondoka, akasema hakujua kwamba amelea chatu mpenda mapambo. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa, panya wawili walipashwa moto, wakakaushwa, wakapakwa poda, na Mgeni Rasmi akala. Ijumaa ya nne hakungoja hata panya. Kinyozi alifungua kopo tu, na chatu tayari alikuwa amekuja kwenye kioo, shingo imejikunja.

Poda ilikuwa ya watoto, ile ya kawaida. Kinyozi aliinunua katoni nzima kwa ajili ya shingo za wateja, na mdogo wake alijichukulia kopo dukani kila la mtoto lilipokwisha. Hakuna aliyeona ajabu. Katika nyumba ya kinyozi poda ni kama chumvi.

Ni mdogo wake aliyesema kwanza. Jioni moja alipita koridoni na Kibonge ametoka kuoga, mlango wa kulia uko wazi, akamwona Mgeni Rasmi akijisogeza kwenye kioo, akiwafuata kutoka kona hii hadi kona ile. "Kaka, mbona anamfuata mtoto?" akauliza. Kinyozi akajibu kwamba ameshiba siku hizi, amechangamka, amewazoea watu. Alijibu hivyo kwa sababu ndivyo alivyotaka iwe. Mdogo wake akaufunga mlango, akaenda kumlaza mwanawe.

Siku ya Alhamisi, kesho yake ikiwa siku ya kula, muuza wanyama alikuja kunyolewa baada ya safari ya zaidi ya mwezi. Hapakuwa na mteja mwingine. Kinyozi alikuwa na furaha ya kumwona. Alikuwa na habari ya kujivunia, na habari ya kujivunia haikai kifuani. Akamfunika shuka, akachukua kopo la poda, na huku anamwinamisha kichwa akamsimulia: draya, manyoya, mkono uliozoea, panya mwenye poda. Akangoja kicheko.

Mzee hakucheka. Mkono ukatoka chini ya shuka ukamshika kinyozi kifundo cha mkono, kabla poda haijamfikia shingoni.

"Hebu rudia. Ulimpaka nini?"

"Poda, mzee. Hii hii."

"Mara ngapi?"

"Kila Ijumaa. Wiki ya tano hii."

Mzee akajigeuza kitini taratibu, akamtazama usoni badala ya kumtazama kwenye kioo. "Fundi, nyoka macho yake si kitu. Anaijua dunia kwa ulimi. Wewe hukumfundisha kula panya. Panya mpaka leo hamjui. Umemfundisha kwamba chochote chenye joto na harufu hii ni chakula." Akalinyooshea kopo kidole. "Nani mwingine humu ndani anapakwa poda?"

Kwenye kopo palichorwa mtoto mnene, anacheka. Kinyozi alilitazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuliona. Saa moja iliyopita alikuwa amemwogesha Kibonge kwenye beseni, amempaka poda shingoni, makwapani, katikati ya mikunjo ya mapaja ambayo mtoto mnene anayo tele, kisha amembembeleza hadi akalala.

Alipita pazia.

Tuseme ukweli hapa, hata kama unauma. Asubuhi ile, akiwa na watu wawili kwenye benchi, alikuwa amebadilisha maji ya chatu. Na alirudisha kifuniko kama alivyokirudisha siku zote, amefumba macho, amezuia pumzi, mkono ukivutwa haraka. Komeo la pembeni lilitaka kubonyezwa hadi lilie. Ili lilie, ulipaswa kuinama, uso wako karibu na kioo, kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu. Miezi yote hiyo hakuwahi kuinama. Alitegemea uzito wa kifuniko. Hofu yake ndiyo iliyomlinda yeye na ndiyo iliyoacha komeo wazi.

Mlango wa kulia ulikuwa umefunguka kiasi cha kupitisha mguu. Kifuniko kilikuwa kimesogea upande. Sandukuni kulikuwa na bakuli la maji na gogo, basi.

Nyuma yake alisikia mguu mgumu wa mzee ukiburutwa koridoni, na sauti ya mzee, chini kabisa, ikimwambia asikimbie. Akausukuma mlango wa kushoto kwa ncha za vidole.

Chumba cha mdogo wake kilikuwa kimebanwa: kitanda kikubwa upande huu, kabati upande ule, na kati yao njia ya mtu mmoja inayoishia kwenye kitanda cha mtoto chenye fito za mbao. Mkia wa Mgeni Rasmi ulikuwa bado chini ya kabati. Mwili ulipanda mguu wa kitanda cha mtoto, ukapenya kati ya fito, na kichwa kilikuwa kimelala kwenye godoro. Shingo ilikuwa imejikunja mara mbili. Kibonge alilala ubavu, mguu mmoja umetoka nje ya shuka, mweupe wa poda hadi gotini, na kati ya mguu huo na kile kichwa palikuwa na nafasi ya kiganja kimoja. Ulimi ulitoka, ukagusa hewa, ukarudi.

Kinyozi alitaka kupiga yowe. Alilimeza.

"Usimguse mkia," mzee akanong'ona begani kwake. "Ukimgusa atarukia kilicho mbele yake. Ameshakunja shingo. Anangoja kitu kitikisike."

"Mtoto akijigeuza?"

Mtoto wa karibu mwaka mmoja hujigeuza. Kinyozi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mara ngapi alimkuta Kibonge kichwa kimekwenda kwenye miguu? Akasimama pale mlangoni, na kwa muda ambao baadaye hakuweza kuupima alikuwa mtu asiyefaa kwa lolote. Tusimpambe. Alitamani mtu mwingine awe mjomba. Alitamani kurudi dukani, akae kwenye benchi, aambiwe limekwisha. Kisha Kibonge akavuta pumzi ndefu ya usingizini, vidole vya mguu vikacheza kidogo, na kichwa cha chatu kikainuka kutoka kwenye godoro.

Kopo la poda lilikuwa bado mkononi mwake.

Akalifungua. Akapandisha mkono wa shati hadi begani, akajimwagia poda kutoka kiwiko hadi kwenye kucha, taratibu, kama anavyomnyunyizia mteja asiyetaka kuchafuliwa kola. Akajimwagia tena. Mzee alielewa kabla hajaambiwa, akamshika bega.

"Nisikilize. Ningekwenda mimi, lakini mimi ndiye ninayejua kumng'oa. Akikukamata usivute mkono. Ukivuta ataachia, na akiachia atageuka. Mwache ajizungushe. Mimi nampitisha mtoto juu yako, namtoa nje kabisa, ndiyo nirudi. Tutamfungua tukianzia mkiani."

Kinyozi alitikisa kichwa kukubali.

Akapiga magoti, akaanza kutambaa kwenye ile njia ya mtu mmoja, mkono mweupe mbele. Sakafu ilikuwa baridi. Alipita karibu na mkia, karibu mno, akaona magamba yake madogo yakipanda na kushuka kwa pumzi. Kila alichokiogopa tangu utoto kilikuwa pale, kina urefu, kina uzito, kina harufu ya majani yaliyolowa. Akasogeza goti. Akasogeza lingine. Akainua mkono juu ya ukingo wa kitanda, akakunja ngumi na kuitikisa, vilevile alivyokuwa akimtikisa panya kwenye koleo.

Kichwa kikageuka. Ulimi ukatoka kumwelekea. Kwa pumzi moja alidhani amefaulu. Kisha Kibonge akaguna, akanyoosha mguu, na kile kichwa kikarudi kwa mtoto.

Basi ikabidi mkono uende palepale. Akaupitisha kati ya fito, akausukuma katika ile nafasi ya kiganja kimoja, mgongo wa mkono ukigusa unyayo wa mtoto wenye joto, ngumi ikitazamana na chatu. Akaitikisa mara moja.

Hakuona kitu. Alisikia tu kishindo kwenye mkono, kisha maumivu ya meno mengi membamba yakiingia kwa pamoja. Akaing'ata kola ya shati lake mwenyewe. Sauti haikutoka. Mwili wa Mgeni Rasmi ukaanza kuteremka kutoka kwenye fito, pindo baada ya pindo, ukizunguka mkono, ukipanda bega, mzito, wenye nguvu, bila haraka, na kila pindo lililoachia kitanda lilimjia yeye. Vidole vikaanza kufa ganzi. Mzee akampita juu, mguu mgumu ukimkwaruza ubavu, akainama kitandani.

Hapo Kibonge akaamka, akalia. Kilio kikali, cha mtoto aliyeshtuliwa. Chatu akatulia. Kinyozi akahisi lile taya likilegea mkononi mwake, kidogo, kama mtu anayefikiria upya.

Na mwanamume yule, aliyeruka waya wa mashine kwa miaka kumi na minane, akaogopa kitu kimoja tu: asije akaachiwa. Kwa mkono wake mzima akaukumbatia mwili wa nyoka, akaubana kifuani, akaweka shavu lake juu yake, na ngumi iliyomo mdomoni akaitikisa tena, na tena, ili iwe hai, ili iwe chakula. Taya likabana upya. Pindo likamjia shingoni.

Alisikia mguu wa mzee ukiburutwa koridoni. Alisikia pete za pazia zikipita kwenye chuma chake. Alisikia mlango wa mbele ukigonga ukuta, kisha kilio cha Kibonge kikiwa barabarani, kikisogea mbali, na sauti za watu wakiuliza kuna nini. Akangoja mpaka akawa na hakika kwamba kiko nje kweli.

Ndipo akafungua mdomo, akapiga yowe.